Mtu wa Pili kwenye Mtambo

Kristian Shemweta alikuwa fundi wa kubebesha miti ya matunda, yaani kuunga kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, na pale Magamba hakuna aliyebishana naye kwenye hilo. Ukitaka mche wa peasi utakaozaa mapema, au plamu isiyodhurika na baridi ya mwezi wa saba, unateremka hadi kwenye kitalu chake pembeni mwa msitu, unamkuta ameinama na kisu kidogo, kipande cha nailoni amekibana mdomoni. Kwa majirani alikuwa mtu mpole. Aliimba besi kwenye kwaya ya usharika, na kwenye msiba alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika na jembe. Ila alikuwa na wivu, na wivu wake ulijulikana kama ulivyojulikana ufundi wake.

Mkewe, Beatha, alifundisha kemia katika shule moja ya sekondari upande wa Lushoto. Tangu walipooana Kristian alikuwa na desturi ya kwenda kumpokea barabarani jioni, akisema anamsaidia mkoba wa madaftari. Beatha alijua kwamba mkoba haukuwa mzito, na kwamba mumewe alitaka kuona nani amemsindikiza. Mwaka ambao mwalimu mpya wa hesabu alianza kumpa lifti ya pikipiki, Kristian naye alinunua pikipiki, ingawa aliogopa kuiendesha kwenye zile kona na mara nyingi aliikokota mpaka nyumbani, mkewe akitembea pembeni. Beatha alicheka, lakini lifti za mwalimu wa hesabu alizikataa tangu siku hiyo, ili nyumba iwe na amani.

Kisha Beatha akapata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea uzamili. Mchungaji alitangaza kanisani, watu wakapiga makofi, Kristian akasimama kupokea pongezi kana kwamba anayeondoka ni yeye. Binti yao Happiness alikuwa bwenini Kifungilo. Kwa hiyo mama alipoondoka, nyumba ilibaki na mwanamume mmoja na simu yake.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Beatha alipiga simu ya video karibu kila siku, akamweleza mumewe kazi yake kwa furaha ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Huko juu kati ya nyota, alisema, kuna vumbi jembamba sana, na kila punje ya vumbi hilo imevikwa barafu. Barafu hiyo si maji matupu. Imo methanoli, ile alkoholi yenye sumu, na vitu vingine vyepesi vya namna hiyo. Mionzi inayopita angani ikiigonga barafu inang'oa elektroni humo ndani, nazo elektroni zinakwenda zikivunja molekuli zilizo jirani. Vipande vinavyobaki vinaungana upya. Pale palipokuwa na methanoli peke yake panatokea vitu vikubwa zaidi ambavyo havikuwapo.

"Sasa sisi hatuwezi kwenda huko," alisema Beatha. "Tunaitengeneza ile barafu hapa hapa. Tuna tangi la chuma ambalo pampu zimeondoa hewa yote. Ndani yake kuna kisahani cha shaba chenye baridi ambayo hakuna friji inayoifikia. Tunaachia mvuke kidogo wa methanoli, unaganda juu ya kisahani, unakuwa utando mwembamba usioonekana kwa macho. Halafu tunaurushia elektroni, tunaona umebadilika kuwa nini."

Kristian alisikiliza na kuelewa zaidi ya alivyotegemea. Kuvunja na kuunga lilikuwa jambo ambalo mikono yake ililijua. Alimwuliza swali moja tu, naye aliuliza kwa sauti ya kawaida: kazi hiyo anaifanya peke yake, au yuko na mtu?

Beatha akasema yuko na mtu. Mtambo ulikuwa wa kugawana, siku za wiki ulitumiwa na watafiti wakubwa, na wanafunzi walipewa Jumamosi na Jumapili. Mtu mmoja huhudumia pampu na vali, mwingine huangalia vipimo kwenye kompyuta. Mwenzake alikuwa Mtanzania, tena wa karibu, mtu wa Magoma pale chini ya milima. Jina lake Hamza.

Tangu siku hiyo Kristian hakulala vizuri. Angekuwa Mjerumani, ingekuwa nafuu. Mjerumani angekuwa mtu wa kuongea naye kazi basi. Lakini huyu wa Magoma alijua Kishambaa. Jumamosi moja Beatha alipiga simu akiwa nje ya maabara, na nyuma yake sauti ya mwanamume ikasema jambo kwa Kishambaa, Beatha akageuka akamjibu kwa Kishambaa hicho hicho na kucheka. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa, kwamba chai imepoa. Kristian alilisikia vizuri. Hata hivyo alipokata simu alikaa kwenye benchi la kitalu na kisu mkononi asijue alikuwa anataka kukata nini. Lugha ile Beatha aliitumia naye jikoni, na kwa mama yake, na kwa mtoto alipokuwa mdogo. Sasa alikuwa anaitumia mahali ambapo Kristian hangefika kumpokea.

Akaanza kuchunguza, na mahali pekee alipoweza kuchunguza ni kwenye kazi yenyewe. Alimwendea Mwalimu Mika, aliyefundisha fizikia shule moja na Beatha, akamwomba amweleze mambo ya elektroni. Mwalimu Mika alifurahi. Alidhani jirani yake anataka kumfuata mkewe kwa akili hata kama hawezi kwa miguu, akamwalika nyumbani mara kadhaa, akamtafutia habari kwenye mtandao na kumfafanulia kwa subira. Ndipo Kristian akauliza alichokuja kukiuliza. Kuurushia utando elektroni, kunachukua muda gani?

Mwalimu Mika alisema inategemea, lakini kwa alivyosoma inaweza kuwa dakika chache, au saa moja, au zaidi kidogo.

Kristian alishika zile dakika chache, mengine yote akayaacha pale mezani. Beatha alikuwa anaingia maabara asubuhi ya Jumapili, akiacha simu kwenye kabati la nje, asipatikane mpaka jioni. Dakika chache, na siku nzima. Alitembea na hesabu hiyo kitaluni wiki nzima. Miche aliyoibebesha siku zile, mingi ilikufa, kwa sababu alifunga nailoni akiwa anafikiria mambo mengine.

Halafu ikaja Jumapili moja ambayo Kristian, akitoka ibadani, alibahatika kumpata Beatha kabla hajaingia ndani. Alimwuliza leo mnarusha elektroni kwa muda gani. Beatha alikuwa na haraka.

"Leo haturushi kitu," alisema. "Leo tunalaza utando na kuupasha joto tu. Nitakupigia jioni, Baba Happy."

Kama angekwenda tena kwa Mwalimu Mika angeelezwa kwamba siku kama hiyo ndiyo ya lazima kuliko zote. Lazima uipashe joto barafu isiyoguswa na elektroni, uone inatoa nini yenyewe, la sivyo huwezi kusema kipi kimeletwa na elektroni na kipi kilikuwamo tangu mwanzo, labda uchafu wa kwenye tangi. Lakini Kristian hakwenda kwa Mwalimu Mika. Alisikia neno moja, kwamba leo hawarushi kitu, na akaona limemtosha. Siku ambayo kazi haipo, wawili hao wanashinda wamejifungia humo wakifanya nini?

Wiki hiyo alishuka Mombo, akapanda gari la Korogwe, akafika Magoma mchana kwenye joto ambalo hakulizoea. Nyumba ya kina Hamza haikuwa ngumu kuipata. Mama yake Hamza, bibi mwenye kanga iliyofifia, alikuwa barazani akipepeta mchele, naye Kristian alimwamkia shikamoo kwa adabu, akajitambulisha kuwa ni mume wa yule mwalimu anayesoma na Hamza Ujerumani. Bibi alifurahi mpaka akasimama. Aliita ndani, akatoka mke wa Hamza, Rahma, mwanamke kijana mwenye sauti ndogo, akamwamkia Kristian na kumletea maji ya kunywa na kiti.

Wakaongea habari za safari, za mvua, za mpunga. Bibi alipoingia kuswali adhuhuri, Kristian akasema kilichomshusha mlimani. Alikisema kwa utaratibu, kama mtu anayetoa ushauri. Alisema yeye hana ubaya na Hamza. Anasema tu kama ndugu, kwamba mume wa Rahma na mke wake hushinda pamoja Jumapili nzima, simu zimefungiwa nje, hata siku ambayo kazi yenyewe haipo.

Rahma alikuwa ameshika ungo aliouacha mama mkwe wake, akawa anautikisa polepole ingawa mchele ulikuwa safi.

"Wewe umeona nini?" aliuliza.

"Sijaona. Niko huku, nitaonaje?"

"Basi umetoka kote huko kuniletea kitu ambacho hujakiona."

Kristian alimaliza maji yake akasimama. Alipoaga, Rahma alimfungia mchele kidogo kwenye mfuko, kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu, lakini hakumsindikiza. Njiani kurudi Kristian alijisikia ametua mzigo. Alijiambia kwamba sasa yupo mwingine wa kuangalia, hayuko peke yake.

Rahma hakuyaamini yale maneno, na hakuweza kuyatoa moyoni pia. Alivumilia siku chache, kisha akampigia mumewe simu na kulia. Hamza alikuwa mtu aliyeipenda nyumba yake. Hakutaka kumwambia Beatha sababu, kwa aibu. Alimwendea profesa wao akaomba abadilishiwe zamu afanye kazi siku za wiki kwenye mtambo mwingine, akamwambia Beatha kwamba ratiba imebana. Profesa, akiwa hana mwanafunzi mwingine wa kumpa, alimruhusu Beatha aendelee na mtambo peke yake.

Kristian alipoambiwa kwamba Hamza amehamishwa zamu, alikwenda mazoezi ya kwaya akaimba kwa nguvu hadi mwalimu wa kwaya akamtaka apunguze.

Furaha hiyo haikudumu. Siku moja Beatha alipiga simu saa za kazi, uso umevimba kwa kulia. Alikuwa ameuharibu mtambo. Kile kifaa kinachorusha elektroni kina waya mwembamba ndani yake, kama wa balbu, ambao huwaka mwekundu ndiyo elektroni zinatoka. Waya huo ukikutana na hewa ukiwa wa moto, unaungua. Jumapili ile Beatha alikuwa peke yake, mara kwenye vali, mara kwenye kompyuta, na baada ya siku ndefu alifungua vali ya kuingiza hewa akiamini ameshauzima waya. Hakuwa ameuzima. Angekuwapo mtu wa pili kusoma vipimo kwa sauti, angemzuia. Waya ulikatika, tangi likachafuka, na kazi iliyomchukua majuma ya maandalizi ikapotea kabla haijakamilika. Sasa ilibidi tangi lifunguliwe, lisafishwe, lipashwe moto siku nyingi ili unyevu wote utoke, kisha asubiri zamu upya. Alitakiwa kurudi nyumbani msimu wa plamu. Hangerudi. Angebaki mpaka mwaka ufuatao.

Kristian alimpa pole. Alisema maneno yote yanayofaa, na simu ilipokatika alibaki amesimama kati ya mistari ya miche. Alielewa vizuri kabisa alichokifanya. Alikuwa amekwenda Magoma kuwaweka mbalimbali watu wawili, akajiongezea mwenyewe mwaka wa kukaa mbali na mkewe. Hata hivyo, na hili alimwambia Mwalimu Mika baadaye sana, jambo la kwanza lililompitia kichwani ni kujiuliza kama Hamza sasa atarudishwa kumsaidia.

Alirudishwa. Beatha alimwomba mwenyewe, akamtaka aseme kwa nini aliondoka, na Hamza akasema. Beatha hakumpigia mumewe kumgombeza. Aliendelea kupiga simu, aliuliza habari za Happiness, za kitalu, za mvua. Habari za maabara hakuzileta tena. Kristian akiuliza, aliambiwa inaendelea. Miezi ikapita hivyo, na Kristian aligundua kwamba zile hadithi za barafu alikuwa anazipenda, kando kabisa na kumchunga aliyekuwa anazisimulia. Alikwenda kwa Mwalimu Mika kusikia kilichobaki, ile habari ya Jumapili isiyorushwa kitu ikiwamo. Alipoielewa aliomba maji ya kunywa.

Beatha alirudi mvua za masika zilipokuwa zinaisha. Siku mbili za kwanza nyumba ilijaa wageni. Ya tatu asubuhi alimfuata mumewe kitaluni, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamwangalia anavyochana shina la mche na kupachika kikonyo.

"Ulikwenda Magoma," alisema.

"Nilikwenda."

"Ulimwona Rahma, ukapokea mchele wake."

"Ndiyo."

"Mimi nimekuwa nikikataa lifti za watu miaka yote ili wewe utulie. Nilidhani nakusaidia. Kumbe nilikuwa nakufundisha kwamba ukisononeka, mimi ndiye wa kupungua." Sauti yake haikupanda. "Sitapungua tena, Baba Happy. Ukisononeka, utasononeka."

Kristian aliweka kisu chini. Alisema anaomba msamaha, na akaongeza, kwa kuwa alitaka angalau safari hii aseme kweli, kwamba wivu wenyewe bado upo, haujaisha, na hajui kama utaisha. Beatha akasema hilo analijua. Anachotaka ni msamaha huo aupeleke mwenyewe kwa Rahma, mchana, na yeye Beatha atakwenda naye.

Hamza alikuwa amerudi wiki iliyotangulia. Kristian alikuwa amemjenga akilini kijana mrefu mwenye maneno matamu. Aliyetoka kuwapokea pale Magoma alikuwa mtu mfupi, kipara kimeanza, aliyevaa msuli na kubeba mtoto, mwenye aibu kuliko Kristian mwenyewe. Kristian aliomba radhi mbele ya wote, bibi akiwamo. Hamza alisema yameisha, haraka haraka, kama watu wanavyosema ili jambo lisiendelee. Rahma hakusema yameisha. Alisema amesikia, na akaenda kupakua chakula.

Baada ya kula, Beatha akamwuliza Hamza kama ameshapata jibu la kile kitu cha mwisho. Hamza akasema ameangalia upya, hakiwezi kuwa kile walichodhani. Na hapo hapo wote wawili wakaondoka, ingawa walikuwa wamekaa pale pale mkekani. Utando wao wa methanoli, baada ya kupigwa elektroni na kupashwa joto polepole, ulikuwa umeachia vitu kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa joto lake: vile vyepesi kwanza, kisha methanoli yenyewe iliyobaki, kisha vile vizito vilivyozaliwa humo. Lakini mwisho kabisa, mahali ambapo hawakutegemea kitu, kipimo kilikuwa kimepanda kidogo. Hamza alichora kwa kidole kwenye ukindu wa mkeka. Beatha akafuta, akachora upya. Waliongea Kishambaa na Kiswahili na maneno ya maabara kwa pamoja, mmoja akimaliza sentensi ya mwenzake.

Kristian aliwatazama. Kile alichokiogopa miezi yote hakikuwapo, aliliona hilo waziwazi. Lakini kilikuwapo kitu, na kilikuwa na nguvu, na yeye hakuwa ndani yake. Wivu ukamshika palepale, safi kabisa, bila tuhuma yoyote ya kuuchochea. Aligeuza macho yakakutana na ya Rahma, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, naye akiwatazama.

"Ndivyo wanavyokaa?" Rahma alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui," alisema Kristian. "Hata mimi ndiyo kwanza nawaona."

Rahma akaja akakaa mkekani karibu na mumewe, akamchukua mtoto. "Anzeni mwanzo," aliwaambia. "Hamko wawili peke yenu hapa."

Wakaanza mwanzo. Haikuwa rahisi, Hamza alikuwa anarukaruka na Beatha anamrudisha, na bibi alisinzia. Kristian aliuliza maswali ambayo mengine yalikuwa ya maana. Jioni waliondoka, na Rahma safari hii aliwafikisha mpaka kituoni, ingawa muda mwingi aliongea na Beatha tu.

Beatha alimaliza uzamili wake. Sasa anafundisha chuo kimoja, juma zima yuko huko, anapanda Magamba mwisho wa wiki. Yeye na Hamza wanaandika pamoja juu ya kile kitu cha mwisho, ambacho bado hawajakubaliana ni nini, na wanapigiana simu mara kwa mara. Simu hiyo ikilia Kristian hubadilika uso, na Beatha huona, na huipokea. Mara nyingine Kristian hutoka nje kwenda kwenye miche yake. Mara nyingine huvuta kiti akakaa karibu, akasikiliza, na akikosa la kusema huinama kwenye simu kumsalimia Hamza, akamwuliza kama Rahma na mtoto hawajambo.